Waifai imepotea baada ya kupandisha Ubuntu: usikubali kupigiwa mfumo upya

Mwalimu mmoja wa sekondari alishuka na meli ya asubuhi kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, akaja moja kwa moja hadi mezani kwangu Kirumba, Mwanza, laptopu ikiwa imeviringishwa kwenye kitenge. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." "Marahaba fundi, hujambo?" Akakaa, akanieleza. Wikiendi, akiwa kwenye mtandao wa shuleni, Ubuntu, mfumo wake wa kompyuta wa familia ya Linux, ilimwuliza kama anataka kutoka toleo la 22.04 kwenda 24.04. Akakubali. Kazi ikaisha vizuri, mashine ikawaka, mafaili yote yapo, ila alama ya waifai pale juu kulia haipo. Alipofungua mipangilio akakuta maneno "No Wi-Fi Adapter Found". Fundi wa kwanza aliyemwonyesha alisema kadi imekufa, anunue nyingine, na kwa kuwa mashine itafunguliwa, basi afutiwe mfumo na kuwekewa Windows moja kwa moja.

Ndani ya laptopu ile mlikuwa na matokeo ya mitihani ya wanafunzi wake ya miaka tisa. Nakala nyingine hakuwa nayo popote.

Kadi ilikuwa nzima. Tulitumia kama dakika arobaini, sehemu kubwa ikiwa ni kusubiri vifurushi vya programu vishuke, na meli ya mchana hakuikosa. Naandika hapa njia tuliyopita, pamoja na vichochoro vingine ninavyokutana navyo, kwa sababu inaniuma kuona mtu anafutiwa kazi ya miaka kwa tatizo ambalo amri tatu zinalimaliza.

Nini hasa kimetokea

Keneli ndicho kiini cha Linux, ndiyo inayozungumza na vifaa. Ubuntu 22.04 ilitoka na keneli 5.15, 24.04 ilitoka na keneli 6.8. Umebadilisha kitasa cha mlango. Ufunguo wa zamani haujavunjika, ila hauingii.

Draiva nyingi za waifai, yaani programu zinazoiendesha kadi, zimo ndani ya keneli yenyewe, hivyo zinapanda nayo. Zinazosumbua ni za aina mbili. Kuna draiva zinazoishi nje ya keneli, ambazo ni lazima zijengwe upya kila keneli inapobadilika. Kazi hiyo hufanywa na programu inayoitwa DKMS, nayo haiwezi kujenga chochote kama haina kifurushi cha linux-headers, yaani vichwa vya keneli, kinacholingana na keneli mpya. Halafu kuna kadi ambazo draiva yake ipo, ila inahitaji fimwea, yaani programu ndogo ambayo draiva huipakia ndani ya kadi kila mashine inapowaka. Fimwea ikikosekana, draiva inakuja, inatafuta, inakosa, inaondoka. Kwako wewe unayetazama kioo, hali zote mbili zinafanana: hakuna waifai. Dawa zake ni tofauti, ndiyo maana sipendi mtu aanze kubandika amri alizozikuta mahali kabla hajajua kadi yake ni ipi.

Anza na keneli ya zamani

Ubuntu ikipanda, kwa kawaida haifuti keneli ya zamani papo hapo. Zima mashine, iwashe, na ikianza kuwaka shikilia Shift, au kwenye mashine mpya zaidi, zinazowaka kwa UEFI, gonga Esc mara moja tu. Itakuja orodha nyeusi. Ingia "Advanced options for Ubuntu", chagua mstari wenye namba ndogo zaidi, kwa mfano ule unaoanza na 5.15, usio na maneno "recovery mode".

Waifai ikirudi hapo, una uhakika kwamba kadi ni nzima, na pia umepata intaneti ya kufanyia kazi. Kwa mwalimu ilirudi palepale. Nikamgeuzia kioo aone majina ya mitandao ya jirani, akashusha pumzi.

Jambo moja nalisisitiza sana: usiandike "sudo apt autoremove" kabla hujamaliza kutengeneza. Amri hiyo inaweza kuondoa keneli ya zamani, na hapo umevunja daraja ambalo ungerudia.

Ukishahakikisha, washa upya uingie kwenye keneli mpya, maana huko ndiko kwenye tatizo.

Intaneti kwa waya wa simu

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa: nitapakuaje draiva wakati sina mtandao? Chukua simu ya Android na waya wake wa kuchajia, hakikisha ni waya unaopitisha data, chomeka kwenye laptopu, kisha kwenye simu fungua mipangilio ya mtandao uwashe "USB tethering". Baada ya sekunde chache laptopu inaiona simu kama mtandao wa waya. Haihitaji draiva yoyote ya ziada. Ukiandika "ip a" kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, utaona jina kama usb0 au linaloanza na enx.

Watu wengi hawajui kwamba simu ikiwa imeunganishwa kwenye waifai ya ofisini au ya hotelini, ukiwasha hiyo tethering inapitisha waifai hiyohiyo, haigusi bando lako. Hili nalitaja kwa sababu kifurushi cha fimwea cha Ubuntu, linux-firmware, ni kikubwa, kinafika mamia ya megabaiti. Kama huna njia ila bando, subiri bando la usiku. Na kabla ya kuanza, zima masasisho ya kujiendesha, la sivyo yatakunywa bando huku wewe ukisubiri kifurushi kimoja.

Iulize mashine ina kadi gani

Fungua terminali, andika:

lspci -nnk | grep -iA3 network

Kwa laptopu ya mwalimu, HP ya mtumba, ilijibu hivi:

Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365] (rev 01)
Kernel modules: bcma

Soma mambo matatu. La kwanza ni namba iliyo kwenye mabano ya mraba mwishoni, 14e4:4365. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji: 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14c3 ni MediaTek. Hiyo namba ndiyo jina halisi la kadi. Stika iliyo chini ya laptopu usiiamini, hasa kwenye mitumba, kwa sababu kadi hubadilishwa njiani. La pili ni mstari wa "Kernel driver in use", ambao unataja draiva inayofanya kazi sasa hivi. Hapo juu haupo kabisa, na kutokuwepo kwake ndiyo majibu yenyewe: kadi inaonekana, haina draiva. La tatu, "Kernel modules", ni draiva zinazodhani zinaweza kuifaa. Kudhani si kuweza.

Kama mstari wa "in use" upo na bado hakuna waifai, andika "rfkill list". Ukiona "Soft blocked: yes", amri "sudo rfkill unblock wifi" inatosha. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi. Dell Latitude za zamani zina swichi ndogo ya pembeni ambayo mkoba unaisukuma bila mtu kujua, na HP nyingi zina kitufe cha F12 chenye taa inayogeuka rangi ya chungwa.

Na kama lspci haionyeshi kadi yoyote ya waifai, jaribu "lsusb", kisha angalia BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa mashine ikianza kuwaka, kama kadi haijazimwa. Baada ya hapo ndipo unashika bisibisi. Nimewahi kukuta kadi imechomoka kwenye nafasi yake baada ya laptopu kuanguka na bodaboda. Lakini hilo halina uhusiano na kupandisha mfumo, kwa hiyo usianze nalo.

Broadcom, yenye kusumbua kuliko zote

Kadi ya 14e4:4365 inataka draiva moja tu, inayoitwa wl. Broadcom wenyewe waliiachia toleo la mwisho, 6.30.223.271, mwaka 2015. Tangu hapo wanaoipa uhai ni watunzaji wa Ubuntu, Debian na mifumo mingine ya Linux, ambao wanaishona viraka kila keneli inapobadilika. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini inavunjika mara kwa mara, na utakuwa na subira nayo.

Andika kwanza:

dkms status

Kwa mwalimu ilionyesha bcmwl, yaani kifurushi cha hiyo wl, imejengwa kwa keneli ya 5.15 tu. Ya 6.8 haikutajwa. Nikaangalia vichwa vya keneli mpya: havikuwepo. Aliyemwekea Ubuntu mwanzoni alisakinisha vichwa vya keneli ya siku ile pekee, hakuweka kile kifurushi kinachofuata kila keneli inayokuja. Hilo ndilo kosa lote lililomleta mama wa watu kutoka Ukerewe.

Amri zake, simu ikiwa kwenye waya:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-generic linux-headers-$(uname -r)
sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source

Hiyo ya kwanza kwenye mstari wa pili, linux-headers-generic, ndiyo inayokulinda siku zijazo. Kwenye Debian kifurushi cha mwisho kinaitwa broadcom-sta-dkms. Ukiona kwenye terminali DKMS inajenga bila neno "Error", ondoa draiva zinazogombana nayo, kisha ipakie:

sudo modprobe -r b43 ssb bcma brcmsmac
sudo modprobe wl

Amri ya kwanza ikilalamika kwamba moduli fulani haipo, si tatizo. Kwa mwalimu alama ya waifai ilitokea baada ya sekunde tano hivi.

Ujenzi ukishindwa, sababu imeandikwa kwenye faili la make.log, ndani ya /var/lib/dkms/bcmwl/, kwenye folda ya toleo kisha build. Soma mistari ya mwisho. Ikitaja keneli na kazi ambazo hazipo tena, maana yake viraka bado havijafikia keneli uliyonayo. Usipigane nayo. Washa kwa keneli ya zamani, endelea na shughuli zako, subiri sasisho la kifurushi hicho. Mtu asiyeweza kusubiri huwa nampa ushauri wa kununua kidude cha waifai cha USB, na siyo kubadilisha kadi ya ndani haraka, kwa sababu baadhi ya HP na Lenovo za zamani zina orodha ndani ya BIOS na hukataa kuwaka zikikuta kadi ngeni.

Kumbuka kwamba si kila Broadcom inahitaji wl. BCM4313 kwa mfano inakwenda na brcmsmac iliyomo ndani ya keneli. Kama unayo hiyo na mtu aliwahi kukuwekea wl, jaribu kuiondoa kwanza kwa "sudo apt purge bcmwl-kernel-source" uwashe upya.

Ikisema ufunguo umekataliwa

Kijana mmoja anayesoma Malimbe alinijia na hali ya ajabu zaidi: DKMS imejenga salama, vichwa vipo, lakini kila akiandika "sudo modprobe wl" anajibiwa "Key was rejected by service". Hiyo ni Secure Boot. Mashine imeagizwa isikubali moduli yoyote isiyo na saini inayoitambua, na draiva uliyoijenga mwenyewe ina saini ya mashine yako tu. Hakikisha kwa:

mokutil --sb-state

Ikisema "SecureBoot enabled", una njia mbili. Wengi huingia BIOS na kuizima. Inafanya kazi, lakini naona ni kuondoa mlinzi kwa sababu hajamjua mgeni. Mimi namtambulisha mgeni. Kwenye Ubuntu:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Kwenye Debian 12 faili liko /var/lib/dkms/mok.pub. Itakuomba uweke nenosiri la kutumia mara moja. Weka la herufi ndogo na tarakimu tu, kwa sababu skrini inayofuata inasoma kibodi ya Kimarekani. Washa upya, na usiondoke kwenye kiti. Itatokea skrini ya bluu inayokusubiri sekunde kumi tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", andika nenosiri, halafu "Reboot". Kijana yule alikuwa ameshaanza zoezi hili mara mbili, na mara zote mbili alikwenda kuchukua chai skrini ikapita. Tulikaa wote wawili tukaitazama.

Intel

Intel ndiyo ninayopendelea, kwa sababu draiva yake, iwlwifi, imo kwenye keneli. Ikigoma baada ya kupandisha, karibu kila mara ni fimwea. Angalia:

sudo dmesg | grep -i iwlwifi

Ukiona "no suitable firmware found", dawa ni "sudo apt install --reinstall linux-firmware" na kuwasha upya. Usishtuke ukiona mstari unaolalamika kwamba iwl-debug-yoyo.bin imekosekana. Faili hilo ni la watengenezaji kufanyia uchunguzi, kukosekana kwake hakuzuii chochote. Nimeona watu wakilitafuta usiku kucha.

Wa Debian mna mtego wenu. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilihamishia fimwea kwenye sehemu yake mpya. Ukipanda kutoka 11 bila kuiongeza, mashine haitapata fimwea mpya hata ufanye apt update mara mia. Fungua /etc/apt/sources.list na uhakikishe mistari inaishia hivi:

main contrib non-free non-free-firmware

Kisha "sudo apt update" na "sudo apt install firmware-iwlwifi". Kwa Realtek ni firmware-realtek, kwa Atheros firmware-atheros.

Kama laptopu ina Windows pembeni ya Linux, zima Fast Startup huko Windows. Ikiwashwa, Windows haizimi kadi kikamilifu, Linux inaikuta katika hali isiyoeleweka na inaiacha. Mara nyingine inatosha kuzima kabisa, kuchomoa chaja na betri, kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini, ndipo uwashe.

Realtek

Hapa hali ni kinyume cha Broadcom. Miaka iliyopita kadi kama RTL8821CE haikuwa na draiva ndani ya keneli, watu wakasakinisha ya nje. Keneli za sasa zina ya kwao, rtw88, lakini ile ya zamani bado ipo, haijengeki, na mara nyingi iliacha faili linaloizuia ya ndani. Kwa hiyo dawa ni kupunguza, si kuongeza. Tazama "dkms status", ondoa unachokikuta kwa "sudo apt purge rtl8821ce-dkms", au kama ilitoka nje ya apt, kwa "sudo dkms remove" ikifuatiwa na jina, mkwaju (/), toleo, na --all. Halafu tafuta kizuizi:

grep -r rtw88 /etc/modprobe.d/

Mstari unaoanza na "blacklist" ufute, washa upya.

RTL8723BE, inayopatikana kwenye HP nyingi za bei nafuu, ina ugonjwa wake: waifai ipo, lakini inaona ruta iliyo mita moja tu. Watengenezaji walifunga waya mmoja wa antena, na draiva inasikiliza tundu lisilo na waya. Iambie isikilize tundu lingine:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Washa upya. Isipopata nafuu, badilisha 2 iwe 1. Kama uliwahi kuweka mpangilio huu na ukafanya usakinishaji mpya, umefutika, uandike tena.

Kuhusu Atheros sina mengi. Za zamani za ath9k hazihitaji fimwea na sijawahi kuziona zikipotea kwa kupandisha mfumo. Ukiikuta kwenye duka la mitumba, ichukue.

Imerudi lakini inakatika

Kama waifai inashika kisha inadondoka kila baada ya dakika chache, fungua faili la /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf kwa sudo, badilisha "wifi.powersave = 3" iwe 2, halafu "sudo systemctl restart NetworkManager". Unaizuia kadi isilale ili kuokoa betri.

Mwalimu alipounganishwa, kitu cha kwanza nilichomwomba si malipo. Nilimwomba flashi. Hakuwa nayo, nikamwazima yangu, tukanakili matokeo yote ya miaka tisa akaiweka kwenye pochi. Halafu nikakata kipande cha plasta nyeupe, nikabandika chini ya laptopu, nikaandika kwa kalamu ya wino: 14e4:4365, wl, bcmwl-kernel-source. Siku Ubuntu itakapomwuliza tena kama anataka kupanda, fundi yeyote wa Nansio atageuza mashine na kusoma.